Ndege Tuliyoilaki Njiani

Siku yangu ya kwanza kazini katika uwanja wa ndege wa Kakamega nilipewa fagio, buti za mpira na amri. Mkuu wa Uwanja, mzee aliyestaafu jeshini lakini jeshi halikuwa limestaafu ndani yake, alinisimamisha kwenye ukingo wa lami akanionyesha kwa kidole njia yote mpaka kule mwisho miwa inakoanzia.

"Mama, unaiona hiyo njia?"

"Naiona, mzee."

"Jiwe likibaki hapo, panga la ndege litalirusha kama risasi. Ng'ombe akibaki hapo, sitakuwa na neno la kukuambia, tutakuwa tunazika. Fagia."

Nikafagia. Mimi sikusoma sana. Shule niliiacha mapema, nikaolewa Lurambi, mume akafariki, watoto wakabaki na mimi. Kazi yenye mshahara wa mwezi ikinijia ningeikataa vipi? Majirani walinicheka kwamba nimeajiriwa kufagia mahali ambapo hapana nyumba. Niliwaacha wacheke. Asubuhi ukungu kutoka msituni ulikuwa umelala juu ya lami kama blanketi, na mimi nilikuwa natembea ndani yake na fagio, nikiokota kokoto, nikifukuza mbuzi wa watu wasiojua kufunga mbuzi.

Ninyi wajukuu mnaopita hapo siku hizi na kuona nyasi, lazima niwaeleze ile ndege ilikujaje. Ilikuwa ndege ndogo ya mapanga mawili, ya kwenda Nairobi na kurudi. Bei ya kweli ya kiti mkulima wa miwa hangeiweza hata akiuza mavuno ya mwaka mzima. Kwa hivyo serikali iliwaambia wenye ndege: pelekeni watu, abiria atoe anachoweza, kilichobaki tutajaza sisi. Kujaziwa huko ndiko kunaitwa ruzuku. Lakini ruzuku ilikuja na sharti, na sharti lenyewe tulisomewa sote, wafanyakazi na wananchi, mbele ya machifu: viti vikaliwe. Viti vikibaki vitupu, ruzuku itakwisha, na ndege itaondoka nayo.

Basi sote tulijua. Mtu asije kuniambia leo kwamba hatukujua.

Baada ya kufagia kwa muda nilipandishwa nikawa mtu wa mzani. Ndege kubwa haijali sana nani mnene na nani mwembamba, lakini ndege ndogo ni kama mtungi kichwani, ukielemea nyuma shingo ndiyo inalipa. Kwa hivyo tulikuwa tunapima mzigo, halafu tunampima na mwenye mzigo, kisha rubani anaamua nani akae mbele na nani nyuma. Hapo ndipo nilipopata jina la Mama Mzani, na hapo ndipo nilipotukanwa sana.

"Mnanipima kama mahindi ya kupeleka bodi ya nafaka?" aliniuliza mama mmoja wa sokoni, amevaa kitenge chake cha safari.

"Mahindi hayabishi, mama. Panda."

"Na hiyo namba usiisome kwa sauti!"

"Sitaisoma. Lakini rubani ana macho, atakuona mwenyewe."

Mwingine alikuja na jogoo kwapani. Kwetu mtu haendi kumwona mkwewe mikono mitupu, na ingokho, yaani kuku, ndiyo heshima yenyewe. Nilimwambia jogoo akae ndani ya kikapu chenye kifuniko, na kikapu kipimwe. Alinitazama kana kwamba nimemtukania ukoo. Jogoo alipimwa. Alikwenda Nairobi, na nasikia aliliwa vizuri.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Tulitazama soksi ya upepo, lile gunia refu jekundu juu ya mlingoti, ili rubani ajue upepo unatoka wapi. Kabla ndege haijashuka, mmoja wetu alipita njia yote kwa baiskeli kuona kama ni safi, ndipo Mkuu wa Uwanja anasema kwenye redio, "Njia iko wazi." Bila hayo maneno rubani hashuki. Ndege ikisimama tunaweka magogo mbele na nyuma ya magurudumu. Mchana tulikuwa na haraka, kwa sababu mvua ya Kakamega mnaijua, ikifika saa nane haibishi hodi.

Abiria nisiyemsahau ni Imali, fundi wa cherehani wa Khayega. Alikuwa na ugonjwa wa moyo, na daktari aliyemfaa alikuwa Nairobi. Kabla ya ndege alikuwa anakwenda kwa basi la usiku. Anafika miguu imevimba, hawezi kuvaa viatu, na daktari anakosa kujua kama ni ugonjwa au ni basi. Ndege ilipokuja alianza kwenda asubuhi na kurudi kesho yake, anaendelea na kushona sare za shule. Alikuwa mwembamba hata nikawa namwambia, "Imali, mzani wangu haujashtuka, umepanda kweli?" Naye ananijibu, "Kukhu, uzito wangu niliuacha kwa basi." Kukhu ni nyanya, nilikuwa bado sijawa mzee wa kuitwa hivyo, lakini nilikubali.

Shida yetu ilikuwa hii: tuliipenda ndege kwa macho. Siku ya safari, uwanja ulijaa. Msafiri mmoja anasindikizwa na mama, shangazi, watu wa kanisa, na jirani ambaye alikuwa anapita tu. Wanaomba, wanaimba, wanapiga picha, wanakunywa soda. Halafu anapanda huyo mmoja, na wengine wanapunga mikono mpaka ndege iwe nukta. Wao wakitaka kwenda Nairobi, wanakwenda stendi. Nilimuuliza mwalimu mmoja mwenye mshahara wake kwa nini anapanda basi na nauli ya ndege imeshushwa. Akasema, "Mama Mzani, ndege ni ya wakubwa. Nikionekana nimepanda, ukoo mzima utakuja kuniomba karo."

Meneja wa Kituo, mwanamke kijana aliyeletwa na wenye ndege kutoka Nairobi, hakuelewa jambo hili. Mara ya kwanza aliona umati akafurahi.

"Leo tumejaza!"

"Madam," nikamwambia, "msafiri ni yule mwenye koti la kijivu. Hao wengine ni wasindikizaji."

"Wote?"

"Wote. Hata huyo mbwa."

Alicheka siku hiyo. Baadaye hakuwa anacheka. Viti viliendelea kuwa vitupu, na ujumbe ukaja kwamba wakubwa wanaolipa ruzuku watakuja na ndege ya asubuhi wajionee wenyewe kama Kakamega inaihitaji. Wakiridhika, ruzuku itaendelea. Wasiporidhika, mwisho. Imali alikuwa anasafiri na ndege hiyohiyo ikigeuka kurudi. Aliposikia habari alikuja mpaka ofisini kwetu, akasimama mlangoni na sindano zake bado zimechomekwa kwenye ukosi.

"Madam, wakiiondoa, mimi nitaenda na nini?"

Meneja alitugeukia sisi. "Watu waje. Wakubwa wakikuta uwanja mtupu, tumekwisha. Waje waonekane."

Neno likatoka. Lilitangazwa makanisani, kwenye baraza la chifu, sokoni Khayega, na waendesha bodaboda wakalibeba mpaka huko ndani. Na watu wakaja, jamani! Walikuja na matawi, na sare za kwaya, na ngoma za isukuti zile tatu, mama, baba na mtoto. Sijaona umati kama ule isipokuwa kwenye mazishi ya mtu mkubwa. Mkuu wa Uwanja alifunga kamba kando ya lami, akapiga filimbi, akasema asivuke mtu. Watu walitii. Njia ilipitiwa kwa baiskeli ikaonekana safi, akasema kwenye redio kwamba iko wazi. Na kweli ilikuwa wazi.

Sasa sikilizeni desturi ilivyotufanya. Kwetu mgeni wa heshima hangojewi mlangoni. Anaendewa njiani. Ukimkalia nyumbani mpaka abishe hodi, umemwambia kwamba hukumtaka. Ndege iliposikika juu ya msitu, ngoma zikaanza, na mama mmoja mzee akapaza sauti, "Mgeni yuko njiani, sisi tumekaa hapa kama wenye deni?" Kamba ile sikuiona ikianguka. Niliona tu lami imejaa watu, wanacheza mabega, wanakwenda kule mwisho wa njia kuilaki ndege.

Mkuu wa Uwanja alipiga filimbi mpaka macho yakamtoka. Mimi nilikimbia na fagio, nikawachapa miguu watu wazima wenye wajukuu. "Tokeni! Tokeni njiani!" Ni nani angesikia, na isukuti imeshika moto?

Ndege ikashuka, magurudumu nje. Nikaona pua yake. Halafu ikanguruma, ikainua kichwa, ikapita juu yetu na kofia za watu zikaruka. Na watu wakashangilia! Walidhani inawasalimia. Ikazunguka, ikarudi. Nao wakacheza zaidi, kwa maana mgeni mwenye haya hubembelezwa. Ikapita tena juu. Kisha ikageukia upande wa Kisumu, na ngoma zikaendelea kuipigia hata ilipokuwa haionekani.

"Imeenda wapi?" kijana mpiga ngoma aliniuliza, jasho linamtiririka. Alikuwa Shikanda, mtoto wa jirani yangu.

"Imeenda Kisumu. Mmeifukuza."

"Kukhu! Tumeifukuza vipi na tulikuwa tunaipokea?"

"Wewe Shikanda, ndege hii umewahi kuipanda?"

Akanishangaa kabisa. "Mimi nilikuja kuipokea, sikuja kuipanda."

Imali alikuwa amekaa juu ya begi lake karibu na mzani. Nilikuwa nimeshampima. Hakulaumu mtu. Alisema tu, "Basi la usiku linaondoka saa ngapi siku hizi?" Nikamdanganya kwamba sijui, ili akae kidogo zaidi.

Wakubwa walifika alasiri kwa gari kutoka Kisumu, mvua ikinyesha, na umati ulikuwa umeshatawanyika. Walitukuta sisi wafanyakazi na Imali, na matawi yaliyokanyagwa. Aliyewaongoza hakufoka. Heri angefoka.

"Tumeona watu wenu wanaipenda ndege," alimwambia Meneja. "Lakini rubani amesema hatatua mahali ambapo njia inakuwa kiwanja cha ngoma. Na niambie ukweli, katika watu wale wote, ni wangapi wanaopanda?"

Meneja alinitazama mimi. Mimi nikatazama begi la Imali.

Ruzuku haikuendelea. Ndege ya mwisho ilikuja bila ngoma, ikachukua mizani mizuri, redio na Meneja wa Kituo, ambaye alinishika mikono yote miwili kabla ya kupanda. Mkuu wa Uwanja alirudi kwao akafuga nyuki. Mimi niliachwa kama mlinzi wa uwanja usio na ndege, nikawa nafukuza mbuzi kwa mazoea tu, mpaka umri wangu wa kustaafu ukafika nikarudisha buti.

Mnaniuliza kosa lilikuwa la nani. Kosa la kumpokea mgeni? Sitawaambia muache kuwapokea wageni; huo ni ubinadamu wetu, nilizaliwa nikaukuta. Rubani naye alifanya sawa, hakutaka kuua mtu. Hata siku ile tungekaa nyuma ya kamba kama watoto wa shule, yule mkubwa bado angeuliza swali lake, na jibu lingekuwa lilelile. Tulikuwa na kitu, tukakifanya sherehe badala ya kukitumia. Zahanati tunaifungua kwa keki, halafu tukiugua tunakwenda mbali. Maktaba tunaikatia utepe. Hilo ndilo linaniuma nikikaa jioni na kuchambua mboga, kwamba hatukuwa maadui wa ile ndege. Adui ningemchukia nikapumzika.

Imali alivumilia basi kwa muda. Miguu ilipokataa kabisa, aliuza cherehani, akaacha nyumba yake Khayega na kuhamia Nairobi kwa dada yake, awe karibu na daktari. Yuko hai, namshukuru Mungu. Lakini yuko huko katika chumba cha watu, na shamba lake linalimwa na shemeji.

Juzi alinipigia simu. Alikuwa amesikia redioni kwamba kuna maneno ya kurudisha ndege.

"Mulembe, Kukhu. Ni kweli?"

"Maneno yapo. Vijana wa hapa wameshaanza mazoezi ya ngoma."

Nikasikia magari ya huko Nairobi yakipita.

"Waambie wasije na ngoma," akasema. "Waje na mabegi."

Nimewaambia. Shikanda amesema ni sawa, nimesema kweli, na akaniuliza kama atakayeleta begi ataruhusiwa kuimba kidogo.