Suti ya Anselmo ya Kwenda Mahakamani

Saa mbili asubuhi, Msamala, Songea. Anselmo Komba anakanyaga cherehani yake barazani, pini mbili mdomoni. Nyuma yake, kwenye msumari, zinaning'inia suruali kuukuu za wanaume.

Hazikuletwa kurekebishwa. Ni vipimo.

Tangu Anselmo akamatwe mwaka juzi, wanaume wengi hawataki awazungushie futi kiunoni. Mshono wake bado wanaupenda, kwa hiyo humtumia suruali ya zamani aipime hiyo.

"Mshono wangu hauna dhambi, ila mikono ndiyo inayo," anasema, akicheka bila kudondosha pini.

Anselmo, mwenye umri wa miaka 34, anapenda wanaume. Hakuna aliyemkuta akitenda lolote. Jirani alisema tu, ikatosha. Alilala mahabusu, akaachiwa bila mashtaka, lakini kesi ya mtaani haina dhamana. Zamani alishona suti tano kwa mwezi. Sasa akipata mbili, anashukuru.

Kifungu cha Kanuni ya Adhabu kinachomwandama kinaweza kumfunga mtu maisha. Wanasheria wanaandaa shauri la Mahakama Kuu, wakidai kinavunja utu na faragha ambavyo Katiba imeahidi kila mtu. Lakini anayefungua shauri lazima awe ameumizwa na kifungu hicho yeye mwenyewe, na aape kwa jina lake. Wawili walikubali, wakajitoa. Amebaki Anselmo. Ijumaa anakula kiapo.

Dada yake Honorata, muuza maharage, alimsihi aache. Alimuuliza ni nani atakayewazika jumuiya ya kanisani ikiwasusa.

"Mkoloni tulimfukuza, dada, lakini sheria yake tumeifuga kama mbuzi wa urithi," Anselmo alimjibu. "Siombi mtu anipende. Naomba asinifunge. Sijaiba, sijamlazimisha mtu."

Kwa ajili ya siku ya kiapo amenunua kitambaa cha suti cha kijivu. Kiko mezani tangu Jumapili, hakijaguswa na mkasi, kwa sababu fundi hawezi kujipima mgongo, na Honorata amekataa kushika futi.

Anaingia Mzee Pankrasi, mwenyekiti wa jumuiya yao, akiwa na suruali ya zamani ikichungulia kwenye mfuko wa kitenge. Anselmo anamwamkia shikamoo, naye anaitika huku macho yakiwa kwenye kitambaa. Anauliza ni cha nani. Anselmo anamweleza yote, hata siku ya kiapo.

Mzee anasogea mezani. Kisha anaiokota futi.

"Mimi bado nasema ni dhambi," anasema. "Ila dhambi tunampelekea padri, mwanangu. Hatupeleki polisi. Geuka."

Anampima bega kwa bega, polepole, akisoma namba kwa sauti naye Anselmo akizishika kichwani. Anamwambia amekonda, na kwamba Honorata anapaswa kuona haya.

Akishamaliza, anaisukuma suruali yake ndani ya mfuko na kunyanyua mikono.

"Haya, na mimi. Hiyo ya zamani itakudanganya, tumbo limeongezeka."

Anselmo anamzungushia futi kiunoni.

Mchana mkasi unaingia kwenye kitambaa cha kijivu. Akiulizwa anatamani nini baada ya mahakama, hataji fidia wala kuhama mji. Anauonyesha ukuta kwa kidevu.

"Nataka ule msumari ubaki mtupu."