Bi Pindo na Vitone vya Injini

Bi Pindo hakumwamini fundi yeyote chini ya jua, na sababu alikuwa nayo: yeye mwenyewe alikuwa fundi. Miaka thelathini ya cherehani ilimfundisha kwamba mteja akileta mita nne, gauni hutoka kwenye tatu na nusu, na ile nusu hujitafutia riziki kwingine. Foronya zote za nyumbani kwake, na kaptula za wajukuu, zilianza maisha kama magauni ya watu. Wanasema nyani haoni kundule. Huyu lake aliliona vizuri sana; ndiyo maana hakuhitaji kuonyeshwa la Profesa.

Profesa ndiye fundi aliyekuwa akiifufua injini ya Kobe, gari kuukuu la mizigo aliloachiwa Bi Pindo na marehemu mumewe. Kobe alikufa barabarani kifo kibaya: oili ilikauka, beringi zikayeyuka, injini ikakakamaa kama taya la mwenye pepopunda. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, akatoa hukumu mbele ya ukoo mzima.

"Shemeji, tumelia vya kutosha. Jumamosi lisipowaka, nalipeleka kwa watu wa chuma chakavu."

Chuma chakavu! Mle ndani ndimo Bi Pindo alimotongozwa. Mle ndani ndimo alimozaliwa kifungua mimba wao, kwa kuwa Kobe aligoma kupanda kilima cha hospitali. Mwanamke huyo akahamia gereji na kigoda chake, akawa anashona vifungo mlangoni, jicho moja kwenye sindano, la pili kwenye mikono ya Profesa. Jioni alitia kikapuni kila kipande cha injini kilichoenea humo, akaondoka nacho.

"Bi mkubwa," Profesa akalalamika, "unalala na pistoni zangu?"

"Zangu. Na zinalala kimya, hazikoromi."

"Marehemu akifufuka je, akakukuta nazo kitandani?"

"Azihesabu. Atazikuta nne kamili."

Jumanne alimwona shemeji gerejini, wanamegeana mkate na Profesa na kucheka. Shemeji anacheka na fundi? Cha kuchekesha ni nini, kama si yeye?

Jioni hiyo, nyumbani, alikuwa akiosha kwa mafuta ya taa zile kofia tano za beringi, vipande vizito vya chuma vinavyoibana kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, tumboni mwa injini isichomoke. Akaona vitone. Kofia moja ilikuwa na kitone kimoja kilichogongwa kwa nyundo, nyingine viwili, mpaka vitano. Jana havikuwepo, au jana hakuwa na miwani.

Bi Pindo akakaa kitako. Sokoni, robota la mitumba likifunguliwa, yeye mwenyewe huzitia chaki kwa siri nguo anazozitaka, ili arudi kuzichukua wenzake wakishachoka kugombana. Alama maana yake nini? Mnunuzi ameshachagua!

Akachukua tupa yake ya kunolea mikasi, akavisugua vitone vyote mpaka chuma kikawa laini kama kipara. Kisha akalala usingizi wa mtu aliyevunja njama.

Alhamisi kranki ikarudi kutoka kukerezwa. Profesa akailaza kwenye viti vyake tumboni mwa injini, akafunika kofia, akakaza nati, akazungusha. Kranki ikagoma. Akalegeza, akakaza tena. Wapi!

"Hapo sasa," Bi Pindo akasema moyoni. "Kazi ya shemeji inafanyika."

Profesa akazigeuza kofia moja moja. "Vitone vyangu viko wapi?"

"Vitone gani?"

"Nilivyogonga! Kila kofia ilichongwa pamoja na kiti chake. Ukiikalisha pa mwenzake, inabana. Kiti cha vitone viwili, kofia ya vitone viwili. Tazama."

Bi Pindo akatazama. Kwenye viti vilikuwepo, kimoja mpaka vitano, safi kabisa.

"Labda vimetoka na mafuta ya taa," akasema.

"Mafuta ya taa yana meno?" Jicho la Profesa likatua kikapuni, mpini wa tupa ulikokuwa umechomoza. Akazigeukia kofia zake. Angetukana, ingekuwa nafuu.

Kofia ya mbele na ya nyuma zilijulikana kwa umbo. Tatu za kati zilifanana kama mapacha. Profesa alizijaribu hivi na vile mpaka jasho likamdondoka puani. Bi Pindo akasogea, akapitisha ukucha pale kofia inapokutana na kiti. Ukucha ukakwama.

"Fundi, hivi chuma kina nyuzi?"

"Kina mikwaruzo ya mashine."

"Basi toka hapo."

Mtu aliyeunganisha maua ya vitenge maisha yake yote, mshono ukapita katikati ya ua na mteja asiuone, hashindwi na mikwaruzo. Akavaa miwani. "Hii siyo, ua limekatika. Hii imegeuzwa mgongo. Hii... hii ndiyo." Profesa akakaza nati. Kranki ikazunguka kwa mkono mmoja, kimya.

Jumamosi shemeji alifika na lori la chuma chakavu. Kobe akakohoa, akatema moshi, akaunguruma. Shemeji akainama uvunguni kutafuta hila.

Lori lilipoondoka tupu, Profesa akamsogelea Bi Pindo. "Ungeniuliza tu vitone ni vya nini."

"Mwizi huulizwa?"

"Haya." Akatoa kitambaa cha suruali na kumkabidhi. Ukingoni, kuzunguka pande zote, kulikuwa na vitone vya kalamu, kimoja kila shubiri. "Mita tatu, bi mkubwa. Kitakachobaki nitakirudisha nyumbani mwenyewe. Kikapu ninacho."

"Kumbe huniamini?"

"Nakuamini kama ulivyoniamini."

Bi Pindo akakikunjua kile kitambaa polepole juani, akakipimia foronya katikati, kule ambako kalamu haikufika.