Kavu Juu, Maji Chini

Majuzi nilirudi Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, nikapitia kituo cha afya asubuhi kwa sababu tumbo lilikuwa zito, kama linavyokuwa karibu kila siku. Muuguzi akaniuliza ninajisikiaje. Swali hilo, rafiki yangu, limenishinda tangu utotoni. Nilitazama dirishani, na upepo ukaleta harufu ya ndagala, wale samaki wetu wadogo, wakikauka mahali fulani. Hapo nikawa na miaka minane tena.

Nilikuwa mtoto wa ajabu kidogo. Siku hizi najua hali hiyo inaitwaje: usonji. Niliambiwa ukubwani, na nikaambiwa pia kwamba wengi wetu wenye hali hiyo tunashindwa kutaja kinachotulemea moyoni. Wakati ule hakuna aliyejua. Jirani akiuliza "Umeamukaje?", watoto wengine walijibu "muzuri" wakapita zao. Mimi nilisimama kutafuta jibu la kweli mpaka jirani akachoka na kuondoka. Wakasema ninaringa. Nilipokaa kimya siku nyingi, hata sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, yenye mawese nikaikataa, mama aliuliza ninaumwa wapi. Nikashika tumbo, maana uzito ulikuwa huko. Dawa za minyoo nilizomeza mwaka ule zingetosha wilaya yetu nzima ya Fizi.

Bibi, niliyemwita Koko, hakuniuliza kitu. Alinichukua ufukweni, alikokausha ndagala. Tuliwatandaza mchangani kwa viganja, polepole, huku wanawake wakitaniana kwa Kibembe na ziwa likienda na kurudi. Mchanga ulikuwa na joto tamu chini ya nyayo. Niliipenda sana kazi ile, kwa kuwa samaki hawaulizi habari.

Siku moja niliona wamekauka vizuri, nikaanza kuwajaza kapuni. Bibi alimchukua mmoja, akamgeuza. Upande wa chini ulikuwa bado umelowa.

"Usiangalie juu tu," akasema. Kisha akanitazama. "Na we? We iko ndagala gani leo?"

Nilifikiri muda mrefu, naye akangoja. Hakuna mtu aliyewahi kuningoja hivyo.

"Juu mi iko mukavu," nikasema. "Chini kuko mayi."

Hakunipa pole wala dawa. "Basi tutakugeuza tena kesho," akasema, akanisogeza karibu na goti lake.

Tangu hapo aliniuliza hivyo kila asubuhi. Kuna siku nilikuwa nimelowa pande zote, na siku chache, chache kweli, nilikauka mpaka ndani, na bibi akanichomea ndagala wanene kusherehekea. Akifika nyumbani alimwambia mama: mutoto iko na mayi leo, mumuache. Na waliniacha.

Bibi alifariki nikiwa sekondari. Matangani watu walishangaa nikipanga viti bila chozi hata moja, wakasema huyu binti ana moyo wa jiwe. Hakuna aliyenigeuza.

Muuguzi alikuwa bado anangoja. Nikamwambia, kwa aibu, kwamba juu nimekauka na chini kuna maji. Alikuwa mtu wa Lweba, kijiji ambako nako wanakausha samaki, kwa hiyo hakucheka. Aliweka kalamu mezani.

"Tangu wakati gani, dada?"

Nilihesabu. "Tangu Koko alikufa."

"Basi si tumbo," akasema. "Ile ni huzuni, na iko ya siku mingi. Rudi Jumatatu, tuongee tena."

Nililia palepale, na kwa mara ya kwanza nilijua ninalilia nini.

Nikashuka ziwani. Mchanga wetu umefunikwa na maji. Ndagala sasa wanakaushwa juu ya vichanja vya miti, na wale wanawake wa utani hawapo tena. Namkumbuka bibi hadi kifua kinauma, na ninaandika hivyo kwa sababu sasa najua kwamba ni kumkumbuka, si minyoo. Mama mmoja nisiyemfahamu alikuwa akigeuza samaki wake. Akanisalimia, umeamukaje. Nilisimama kutafuta jibu, kama zamani, nikijua atachoka.

"Mi iko na huzuni, mama," nikasema.

Aliacha samaki, akanisogezea kigoda.