Bomba la Pikapu ya Baba na Kuku wa Mama

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kwenda Pugu, mbele yangu kuna gari kubwa lenye bomba jeusi lililopanda pembeni ya kioo mpaka juu ya paa. Kijana mwenye gari kateremsha kioo, mkono nje, anajiona kamaliza kila kitu duniani. Nikasonya. Binti yangu akaniuliza, "Mama, kakukosea nini?" Hajanikosea kitu, masikini. Ila mie nikiona bomba la hewa juu ya gari roho inanichafuka, na sababu yake ni ndefu kidogo, kwa hiyo vuta kiti.

Sie tulikuwa tunakaa Yombo, enzi zile Yombo ni mikorosho, mchanga na nyumba zisizokwisha kujengwa. Baba alikuwa amepunguzwa kiwandani, kama baba wengi wa mtaani kwetu miaka ile, na kiinua mgongo chake chote akakinunulia pikapu ya Kijapani iliyoshuka bandarini ikiwa imeshatumika. Mama naye akaanzisha kuku wa nyama uani. Usinicheke, karibu kila nyumba ilikuwa na banda. Ukiamka unasikia vifaranga vya jirani kabla hujasikia adhana, na harufu ya maranda yaliyolowa ilikuwa inaingia mpaka kwenye chai. Mie na mdogo wangu wa kike kazi yetu ilikuwa kubeba maji, kugeuza yale maranda, na kuwasha jiko la mkaa bandani vifaranga visipigwe na baridi. Maisha yetu yalikuwa yanazunguka hivi: kuku wanakua, pikapu inawapeleka Kurasini kwa mama mmoja mwenye kantini ya wapagazi wa bandarini, mama anarudi na vifaranga vingine na chakula chao. Kundi moja likipotea, banda limekufa, na sahani zetu zilikuwa zinalitegemea banda lile.

Sasa, pikapu ilikuwa nzima. Naomba unielewe hapo, maana ndipo hasira yangu inapoanzia. Ilikuja inawaka vizuri tu. Lakini baba alishazoea kusikiliza mashine kiwandani, na alipokosa mashine za kusikiliza akaanza kuisikiliza pikapu. "Haipumui vizuri hii," akasema. "Gari ni kama mtu, lazima ipumue." Filta yake akasema ni feki, akaitupa. Akachukua kisu akakata sponji kwenye godoro letu, tena katikati, penye mbavu, akaichovya kwenye oili na kuipachika badala ya filta. Shimo lile tulilala nalo miaka, na baba hata siku moja hakuuliza tunalalaje.

Sponji haikumtosha. Barabara yetu ilikuwa vumbi tupu, kwa hiyo akatafuta bomba la plastiki la maji, akalipandisha kutoka kwenye boneti mpaka juu ya paa ili gari ivute hewa safi. Mdomo wa bomba akauelekeza mbele. Mvua ya kwanza ikaingia humo kama inaingia kwenye kinga maji, pikapu ikakohoa ikazima, tukaisukuma kwenye matope watu wazima wanatuangalia. Mtu mwingine angeling'oa. Baba akalizungusha, akalipitisha juu ya kabini, mdomo ukashuka nyuma ukitazama bodi, mahali ambapo hapafiki mvua wala vumbi. Siku alipomaliza alimwita jirani, akamwambia asogeze kipande cha gazeti pale mdomoni. Gazeti likavutwa, fyu, likanasa. Wakacheka wenyewe kama watoto. Mama alikuwa mlangoni anachambua mchele. Akauliza, "Na matenga ya kuku yatakaa wapi, baba watoto?" Baba akamwambia yatakaa nyuma, kama siku zote.

Najua umeshaelewa. Mama pia alielewa. Aliyekuwa haelewi ni mwenye gari.

Siku ya kupeleka kuku tuliyapanga matenga bodini, mie na mdogo wangu tukakaa katikati yake tukiyashikilia, mama kakaa mbele na baba. Kuku wa kisasa ni wanene, hawajui shida, wakitikiswa kidogo wanapiga mabawa, manyoya yanaruka. Na kila unyoya ulioruka nikauona unakwenda mbele, mmojammoja, unaingia kwenye lile bomba. Niligonga kioo. Baba akanipungia mkono, akidhani nafurahi. Karibu na Kurasini, penye foleni ya malori ya makontena, pikapu ikatoa moshi mweusi, ikapungua nguvu, ikazima. Jua la saa sita, lami inawaka, hakuna hata kivuli cha mti.

Baba akafungua boneti, akaanza kuvuta manyoya kwa waya. Anavuta, yanakuja mengine. Huku nyuma kuku wakaanza kuachama midomo, wanahema, mmoja akalala shingo. Mama akasema, "Ling'oe hilo bomba twende." Baba akasema likitoka gari itavuta vumbi, injini itakufa, asubiri kidogo tu. Mama akasema tena, "Kuku wanakufa." "Kidogo tu, mama watoto." Hilo neno "kidogo" sitalisahau, na bado linaniuma.

Kwetu kuku akifa kabla hajachinjwa ni kibudu, haliwi, hauzwi, unachimba shimo unafukia. Na kwetu mwanamke hachinji. Bibi yetu alikuwaga anasema dini haikukataza, ni sie tu tumezoea, lakini hata yeye akitaka kuchinja alikuwa anatutuma barabarani na jogoo mkononi tumngoje mwanamume anayetoka msikitini. Nyumbani kwetu mchinjaji alikuwa baba. Na kisu kilikuwa mkononi mwake, anakatia sponji iliyozibwa na manyoya.

Mama akaenda akamchukulia kile kisu mkononi. Akakisuuza kwa maji yetu ya kunywa, akapiga magoti kando ya lami, akaniambia nishike mabawa. "Bismillahi, Allahu Akbar." Kuku wa kwanza alimchinja polepole, wa pili kwa mara moja. Dereva mmoja wa lori akateremka na galoni la maji, akasema, "Shikamoo mama. Lete mie nikuchinjie." Mama akaitikia, akasema, "Asante mwanangu, nimeshaanza." Yule dereva akabaki anatumiminia maji tu, kwa adabu.

Tulipofika matenga ya mwisho, baba akapiga kelele kwa furaha, "Imewaka!" Akatokeza kichwa nyuma ya boneti, mashavu yamejaa oili, anacheka. Kisha akaona damu. Injini ilikuwa inanguruma vizuri kabisa, na mama akaniambia nilete kuku mwingine.

Mama wa kantini alikuwa anataka kuku hai. Alichukua wachache kwa huruma, wengine tukawagawa mtaani kabla hawajaoza, maana friji hatukuwa nayo. Banda likakaa tupu mpaka mama alipoweza kuanza tena, na matetea wachache wa kienyeji. Siku hizi banda halipo, mikorosho haipo, kila nyumba ina ukuta na geti, na kuku wanakuja kwenye mfuko wa plastiki wakiwa wameganda. Baba na mama wote wametangulia.

Miye nilimkasirikia baba kwa miaka, na sidhani kama imekwisha. Lakini kuna kitu naona nikwambie. Tangu siku ile mama hakumwita tena kuchinja. Asubuhi ya Idi baba alikuwa anaoga mapema, anakunja mikono ya kanzu, anakaa kwenye ngazi ya uani bila kazi. Mama anapita mbele yake na jogoo kwapani, kisu mkononi, anakwenda kwenye karo. Baba anasogeza miguu ampishe.