Mkanda wa Chini na Mtu Aliyepanda Msumeno

Taabu ilianza mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Baba aliumia mguu akawa mtu wa kitandani, mama akaniambia shule itanisubiri kidogo. Mpaka leo inanisubiri. Nimesoma darasa la tatu na nusu, na hiyo nusu naitaja makusudi, kwa sababu wako wanaopenda kunipunguzia.

Wiki ileile nilipelekwa msituni kwa wapasua mbao. Nieleze kwa faida ya wasomi, ambao wanadhani mbao huota dukani. Gogo linawekwa juu ya jukwaa la miti, chini yake kuna shimo. Mtu mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anasimama shimoni, kati yao kuna msumeno mrefu kuliko mlango. Wa juu anavuta, wa chini anavuta. Wa juu anaona milima yote ya Upare mpaka mbuga inapoishia. Wa chini anakula vumbi la mbao. Mtoto wa miaka kumi na mmoja aliwekwa wapi? Hongera, umepata.

Juu yangu alisimama mwanaume mwenye shingo ya fahali. Kila akivuta, miguu yangu inaacha ardhi. Msimamizi alitutazama, akasema tunaendana. Msumeno ulikuwa na vipini viwili na sisi tulikuwa wawili, kwa hiyo hesabu yake ilikubali.

Nilikaa shimoni miaka mingi. Nilipotoka, mimi ndiye niliyekuwa napanga watu, nani na nani washike msumeno mmoja. Sikumwuliza mtu ana nguvu kiasi gani, kwa sababu hilo mtu atakudanganya bure, hata hujamlipa. Nilimtazama uzito wake. Nilimpandisha kilima nikasikiliza pumzi. Nilimwuliza amepumzika lini. Na akijisifu kwamba jana kamaliza gogo zima, nilimwuliza neno moja: na nani? Maana ukishika msumeno na jitu, hata wewe ukiwa gunia la makapi, gogo litaisha.

Halafu walikuwepo wapanda msumeno. Huyo anashika kipini vizuri, msumeno ukienda juu anaenda nao, ukirudi anarudi nao, lakini havuti. Anabebwa. Na ndiye anayehema kwa sauti kubwa kuliko wote. Ukimtazama unamwonea huruma, kesho unampa mwenzake mwenye nguvu zaidi na gogo jembamba zaidi. Nilikuwa nawatambua kwa kitu kimoja. Mpanda msumeno akitoka shimoni anaimba.

Sasa tuje kwenye simu.

Mwaka juzi niliteleza kwenye ukingo wa ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba, goti likageuka upande usio wake. Nikawekwa kibarazani kama mtungi. Binti yangu, mwenye duka la simu pale Same mjini, alinivumilia wiki mbili nikilalamika juu ya kuku, jirani, serikali na chumvi ya makande. Wiki ya tatu akaja na simu.

"Shikamoo baba. Nimekuletea ngumi."

"Marahaba. Nimpige nani na goti hili?"

"Hupigi wewe. Ni gemu la mtandaoni. Wewe ni meneja, bondia ndiye anayepiga."

"Na mimi nafanya nini?"

"Unamlisha, unampangia mazoezi, unampumzisha, unamtafutia pambano. Siku ikifika wanapigana wenyewe, wewe unaangalia."

"Kwa hiyo nimekuwa msimamizi."

"Ndiyo."

"Shimo lipo?"

"Hakuna shimo, baba."

Nikamwambia aweke.

Kumbe nusu ya mlima ilikuwa humo. Kulikuwa na ligi ya watu kama ishirini, wengi wa huku kwetu, wachache wakulima wa mpunga wa Ndungu na Bendera, na nesi mmoja. Kila mtu bondia mmoja, wote wa uzito mmoja. Mapambano Jumapili baada ya ibada, maana sisi ni watu wa Mungu. Mikanda ilikuwa miwili, wa juu kwa walio nusu ya juu ya jedwali, wa chini kwa walio nusu ya chini. Na kanuni moja kali: bondia akipigwa mara tatu mfululizo, anastaafishwa. Gemu linamvua glavu, na hata umlilie, hazirudi.

Mpangaji wa mapambano alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, jirani yangu wa ng'ambo ya bonde. Mtu wa kalamu mbili mfukoni. Yeye alichukua ushindi wa kila bondia, akatoa vipigo, akawapanga kwenye karatasi kuanzia juu mpaka chini, kisha kila mtu na jirani yake wa kwenye karatasi. Akaita kitu hicho takwimu. Tukakubali wote, maana neno lenyewe lilivyotamkwa lilikuwa limevaa tai.

Bondia wangu alishinda mapambano saba mfululizo. Sitasema nilijisikiaje, ila padri aliniuliza kama nimeongezewa uhai. Pambano la nane akapigwa. Nikapiga kelele kwamba nimeonewa. La tisa akapangwa na bondia wa nesi, akalala raundi ya pili kama mtu aliyekumbuka kwamba hakulala jana. Vipigo viwili mfululizo. Kimoja tena, na bondia wangu anavuliwa glavu.

Watani wetu wanatusema Wapare kwa kupenda kesi. Ni uongo mtupu, na niko tayari kwenda nao mahakamani. Nilikaa kibarazani siku nne nikirudia video za ligi nzima, pambano baada ya pambano. Na kitu cha kwanza nilichokigundua kilinichoma mimi mwenyewe. Zile saba zangu nilizipata kwa nani? Kwa watu waliojiunga wiki ileile, ambao mabondia wao walikuwa hawajajua kukunja ngumi. Karatasi ya Mwalimu iliona saba. Haikuuliza na nani. Ikanibeba na saba zangu za makapi, ikanitupa kwa nesi.

Cha pili kilikuwa kitamu zaidi. Bondia wa Mwalimu alikuwa na ushindi sita na vipigo vitano, kwa hiyo siku zote yuko nusu ya chini, na siku zote anapangwa na wageni. Na ule mkanda wa chini aliukalia kama kiti cha urithi. Nikatazama vipigo vile vitano. Kwenye simu kuna mstari wa kijani unaoonyesha pumzi za bondia, akichoka unapungua. Bondia wa Mwalimu aliangushwa mara tano, mara tano zote raundi ya tatu, na mara tano zote mstari umejaa pomoni. Kisha Jumapili ya mkanda wa chini anaamka kama simba.

Nikajisemea, huyu ninamfahamu. Huyu anatoka shimoni akiimba.

Jumamosi ilikuwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima, ya kusafisha ndiva. Likilia baragumu, kila nyumba inatoa mtu na jembe, hakuna cha mwalimu wala cha askofu. Mimi na goti langu nilipewa kazi ya kukaa juu ya jiwe na kukosoa, kazi ambayo nina kipaji nayo. Wakati wa kupumzika nikasema, "Mwalimu, bondia wako anaumwa nini kila raundi ya tatu?"

"Habari za asubuhi, Fundi. Ni mchezo tu. Anashinda, anashindwa."

"Anashindwa akiwa na pumzi zote?"

"Una ushahidi?"

"Ninao mfukoni."

Watu wakaacha majembe wakaja kuinamia simu. Yule nesi akaangua kicheko. "Mwalimu! Mbona bondia wako ameanguka kabla hajaguswa?"

"Alikuwa amechoka."

"Na huu mstari wa kijani?"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Huo ni mtandao."

"Mtandao!" watu wakaitikia kama kwaya.

Nikawaeleza habari ya kupanda msumeno. Wazee wawili waliowahi kuingia shimoni walitikisa vichwa kukubali mpaka nikaogopa vitadondoka. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, uso umebadilika. Miaka thelathini alikuwa akiwakamata watoto wanaonakili mtihani. Kukamatwa yeye, tena matopeni, hakuwa na somo lake.

"Basi panga wewe," akasema. "Wewe uliyesoma darasa la tatu."

"La tatu na nusu."

"Panga! Tuone hiyo haki ya shimoni."

Ligi ikakubali palepale. Nami, kwa ujinga wa furaha, nikakubali bila kukumbuka kwamba bondia wangu naye yumo ndani ya ligi.

Binti yangu alikuja na daftari. Mimi nasema, yeye anaandika. Tuliwachukua mmoja mmoja. Uzito tuliuacha, maana ni mmoja. Tuliangalia pumzi kwenye raundi za mwisho. Tuliangalia amepumzika siku ngapi. Na kila ushindi tuliuuliza: na nani? Aliyempiga bondia wa nesi tulimwandikia sana. Aliyempiga mgeni tulimwandikia kidogo. Na kipigo cha mstari uliojaa hatukukiandika kabisa. Mabondia walipanda na kushuka kwenye daftari lile mpaka ukurasa ukachafuka. Wangu alishuka. Wa Mwalimu alipanda. Wakakutana katikati, bega kwa bega.

Binti akaweka kalamu chini. "Baba, kwa daftari hili wewe unapigana na Mwalimu."

"Naona."

"Ukipigwa ni kipigo cha tatu. Anastaafu."

"Najua kuhesabu."

"Yupo huyu wa Bendera, ameingia juzi. Ukijipangia huyu, hakuna atakayesema neno. Mpangaji ni wewe."

Nisidanganye kwamba sikutamani. Bondia yule nilimlea tangu hajui kukwepa. Asubuhi, kabla sijawauliza watu wa nyumbani wameamkaje, nilikuwa namtazama yeye. Kwa mtu ambaye goti limemfunga kibarazani, kilikuwa kitu pekee changu kilichokuwa kinatembea. Lakini kujipangia wa Bendera ni kushika kipini na kuning'inia. Na nimetumia maisha yangu kuwatukana watu wa namna hiyo.

"Andika Mwalimu," nikasema.

Jumapili, Mwalimu alivuka bonde akaja kibarazani kwangu, bado amevaa suti ya kanisani. Alisema hataki kusikia habari ya mtandao tena, tuangalie simu mbili, pua kwa pua. Binti akatuletea chai. Hatukuinywa.

Raundi kumi. Siwezi kusimulia zote, ila kila bondia wangu akipiga mbili, alirudishiwa mbili. Raundi ya tano majirani walikuwa wamejaa uani. Raundi ya nane wa Mwalimu alipiga goti, nikasimama, nikasahau kwamba na mimi nina goti, nikakaa kwa kelele. Raundi ya kumi wote wawili walikuwa wanashikiliana kama walevi, mistari yao imebaki uzi mwekundu.

Majaji wa gemu wakatoa pointi. Nilishindwa kwa pointi moja.

Simu ikaniuliza kama nataka kumuaga bondia wangu. Nikabonyeza. Akavuliwa glavu, akainua mkono, akatoka ulingoni.

Mwalimu alikuwa anatazama simu yake. "Fundi," akasema, "ona. Wangu hana pumzi hata moja."

"Leo amevuta."

"Ulikuwa unaweza kujipangia yule wa Bendera."

"Nilikuwa naweza."

"Kwa nini hukufanya?"

"Nilikosa elimu, Mwalimu."

Alicheka mpaka miwani ikadondoka kwenye chai. Kisha akaacha kucheka, akasema mkanda wa chini atauachia, na kwamba kama sitaona vibaya, angependa daftari liendelee kukaa kwangu. Alisema hivyo akitazama mlima, sio mimi. Nikamwambia atauachia mkanda, ndiyo, maana kwa daftari langu hayuko tena nusu ya chini, na Jumapili inayofuata anakutana na nesi. Rangi ilimtoka. Nilifurahi sana.

Na kwa kuwa nimewasema wengine, niseme na langu. Kile kipigo cha pambano la nane, nilichokipigia kelele ligi nzima, sikuonewa. Nilimfanyisha bondia wangu mazoezi siku saba mfululizo, asubuhi na jioni, kwa sababu wengine nawauliza wamepumzika lini, lakini kwangu mwenyewe kupumzika ni uvivu. Aliingia ulingoni amechoka kama mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyefungwa msumeno na fahali. Simu iliniandikia kwa maandishi mekundu kwamba amechoka. Mimi nikasema simu haijui kazi. Ndiyo maana kwenye daftari kuna safu ya siku za kupumzika, na sikumweleza mtu imetoka wapi. Sasa mnajua.

Nilichonacho leo: nyumba ya matofali ya kuchoma, bati zima, nimeijenga mwenyewe. Shamba la tangawizi na zamu yangu ya maji kwenye ndiva. Ng'ombe wawili na ndama. Msumeno mmoja wa kupasulia mbao, umening'inia ukutani, vipini vyote viwili vipo. Goti moja zima na moja la kutabiria mvua. Simu moja. Daftari moja la kupangia mapambano, ukurasa wa kwanza umechafuka. Bondia mmoja mstaafu, ushindi saba, vipigo vitatu, na cha mwisho ndicho nilichokiwekea picha ukutani, karibu na msumeno.