Lenzi Isiyovuta

Nyumba yetu hii ya Bagamoyo nakumbuka jina la kila aliyezaliwa ndani yake, lakini majina ya vyombo vya mjukuu wangu hayakai kichwani. Anasomea kutengeneza filamu huko Dar. Ijumaa ile alikuja na lenzi mbili za mtumba. Mwenye duka alimpa azijaribu hadi Jumapili, naye akamwachia kitambulisho chake cha chuo. Uwezo wake ulikuwa wa kununua moja tu. Alitaka filamu ya kumalizia mwaka iwe ya nyumba hii, kisha amtumie mama yake, binti yangu, aliyekwenda Maskati kufanya kazi za ndani mtoto huyu akiwa darasa la pili, na mpaka leo hajarudi.

Moja ilikuwa ndefu, nzito, ukiizungusha inavuta kitu cha mbali kikaja karibu. Ya pili fupi kama kifuniko cha chupa ya chai, haivuti kitu. Ukitaka kukaribia unakwenda kwa miguu yako. Bei zao hazikupishana sana, nikamwambia basi achukue ile kubwa. Akacheka.

"Bibi, hapa hununui muhogo, uchague mkubwa."

Akaenda nayo hadi pembeni ya msikiti, akanivuta nikiwa barazani nasuka ukili. Alipokuja kunionyesha nikajiona kweli, karibu, kila kitu safi, hata rangi ya mlango. Ila nilikuwa kama mtu anayetazamwa na mpita njia. Sikumwambia.

Tukaingia chumbani kwa mama yake. Kina dirisha moja dogo, na jua halijapata kufika kitandani. Ile ndefu ikaona giza tupu. Akawasha taa, chumba kikawa kama zahanati. Akazima.

Akafunga ile fupi kwenye kamera, na chumba kikaja kama kilivyo: boriti za mikoko, chandarua kilichopigwa fundo, mto. Lakini hakikuingia chote. Akarudi nyuma, mgongo ukagonga kabati, akatoka hadi ukumbini, bado. Akanung'unika kwamba hii ni lenzi ya watu wenye nyumba kubwa. Mwisho akaacha kurudi nyuma, akasogea. Akaniambia nikae kitandani niendelee kusuka, akachukua picha ya mikono yangu tu, yuko karibu mpaka nasikia pumzi zake. Tangu aanze chuo hakuwa amekaa nami karibu hivyo.

Picha zote mbili, ya barazani na ya mikono, akamtumia mama yake kwa simu, amsaidie kuchagua lenzi. Mimi nikawa nangoja kuliko yeye. Binti yangu anapopiga simu ya picha, huwa najifunga ushungi vizuri, napaka mafuta, nakaa penye mwanga, namwambia tuko salama, asihangaike. Akishakata naingia chumba kile kukung'uta mto usiolaliwa. Kumwambia arudi sijapata kumwambia. Huko ndiko inakotoka ada ya mtoto wake, mimi nani nimvunje moyo?

Baada ya alasiri akapiga, sauti tu. Mjukuu akaiweka simu kati yetu. Binti yangu akaniamkia, akauliza habari za majirani. Ile picha ya barazani akaisifu, nyumba imependeza, nani kapaka rangi mlango. Kisha akafika kwenye ile ya pili. Nikasikia maji yakimiminika, alikuwa anaosha vyombo.

"Mama, mikono yako imekonda hivyo tangu lini?"

Nikaificha ndani ya kanga, kana kwamba ananiona.

"Ni uzee tu," nikasema.

"Mama. Nije?"

Mdomo wangu ulishalizoea jibu la swali hilo kabla hata halijaulizwa. Tuko salama, usihangaike. Mjukuu wangu alikuwa ananitazama, ile lenzi fupi ameipakata.

"Njoo, mwanangu."

Huko ndani mtu akamwita kwa Kiarabu, naye akaitika. Akasema ataomba ruhusa, ila hajui kama watampa, wala lini. Halafu akaniomba nisikate, amalizie vyombo. Nikaiweka simu sikioni nikawa nasikiliza sahani zake zikigongana. Mjukuu wangu hakuuliza tena ipi. Akaivingirisha ile ndefu kwenye kitambaa, akaitia mkobani airudishe dukani.