Vita Alivyoulizwa Mbonde

Kaka yangu Bonaventura, ambaye baadaye watu walimwita profesa, alisomea historia Makerere. Wakati ule waliofika huko kutoka kwetu hawakumaliza vidole vya mkono mmoja. Mimi niliishia darasa la nne, lakini alichokuwa akitafuta nakijua, maana mizigo yake niliibeba mimi.

Alitafuta vita vya Maji Maji vinywani mwa waliokuwapo. Alisema vitabu vya chuoni vimeandikwa kwa barua za Wajerumani tu. Basi likizo ya mwaka 1957 akaja Likawage, kijijini kwetu, na daftari lake. Sharti lake lilikuwa moja: kila neno liwe na jina la msemaji pembeni. Tetesi hakuzitaka.

Akaanza na Bibi Mwanaima, mama yake baba. Mumewe, Mbonde, alikwenda vitani asirudi, na kaburi lake halikujulikana. Bibi hakuolewa tena, wala eda hakukaa. Angemkaliaje eda mtu ambaye hakujua amelala wapi? Jina la Mbonde alipewa kaka siku aliyozaliwa, kabla padri hajampa la ubatizo.

"Shikamoo, bibi."

"Nani anamwamkia mkewe shikamoo?"

Tukacheka, ndivyo bibi na wajukuu wanavyotaniana. Kaka akafungua daftari, akauliza babu aliondokaje. Hapo bibi hakucheka.

"Mimi nilibaki jikoni. Uliyekwenda ni wewe. Miaka hamsini nakungoja uniambie ulilala wapi, leo unakuja kuniuliza mimi?"

Kaka akaenda kwa wazee wengine. Nao wakamwita Mbonde, wakamwambia aache mzaha, yeye ndiye aliyewatangulia vitani. Siku tatu daftari jeupe.

Siku ya nne, mchana wa jua kali, amekaa mbele ya bibi, kalamu ikamdondoka. Akasema kwa lugha ya nyumbani, ile aliyoisahau misheni, tena kwa matamshi ya kizee:

"Miamba miwili imeegemeana. Nilikaa upande wa jua, maana mguu ulikuwa umeanza kupoa."

Akainuka. Tukamfuata porini, mahali asipopata kufika, naye haangalii njia. Hata ndege hawakulia. Miamba ilikuwapo. Upande wa jua palikuwa na mifupa, wa paja umevunjika. Bibi akapapasa taya, akaligusa jino la mbele lililopinda, akasema ndiye.

Tukamzika. Bibi akavaa nyeupe, kikongwe wa miaka themanini, akakaa eda miezi minne na siku kumi. Wazee nao wakafungua vinywa, daftari likajaa.

Daftari hilo ninalo. Kila habari ina jina pembeni, isipokuwa ya miamba. Nilimwuliza kaka. Akasema akiandika jina lake atakuwa mwongo, hakuwapo. Akiandika la babu, nani chuoni atamwamini?

Likizo iliyofuata alirudi, eda imekwisha juzi.

"Shikamoo, bibi."

Safari hii bibi akaitikia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ni yupi katika watoto wa mwanangu? Sijapata kukuona."